Ndege wa jiwe sebuleni: Tumvunje au tumwache?

  Leo tutazungumza juu ya ndege asiyeruka, asiyelia, wala asiyekula mpunga wa mtu shambani. Ni ndege wa jiwe.

Huenda umeshamwona kwenye sebule ya mtu aliyewahi kufika Zimbabwe. Ni jiwe zito, jeusi au la kijani kilichoiva, lenye shingo ndefu iliyopinda, kifua kilichojaa na mgongo unaoteremka taratibu mpaka kwenye kitako. Hana macho. Hana manyoya. Mdomo umedokezwa kwa ncha ndogo tu, na bawa ni mkunjo mmoja unaoanzia begani na kupotelea ndani ya jiwe. Upande mmoja umesuguliwa hadi unang'aa kama maji ya kisimani. Upande wa pili umeachwa na ganda lake la kahawia, kama ulivyotoka ardhini. Ukimtazama kutoka mlangoni utasema bila kusita, "Ndege yule." Ukimkaribia unaanza kujiuliza umejuaje.

Kazi za aina hii hujulikana duniani kama sanamu za mawe za Kishona, kwa jina la kabila kubwa la Zimbabwe. Wataalamu wa sanaa huziita za dhahania, maana mchongaji haigi kila kitu kama kamera ya simu. Huchukua jambo moja la ndege, pengine wepesi wake, pengine namna anavyojikunja akilala, na mengine yote huyaacha.

Kwa nini ndege huyu aje kwenye ukurasa wa Neno la Mungu? Kwa sababu yuko ndani ya nyumba za waumini, na baadhi yetu tumeanza kumwogopa.

Swali la mama mmoja

Mama mmoja, Mkristo wa miaka mingi na mwimbaji wa kwaya ya akina mama, alinipigia simu. Mwanawe wa pili alikuwa dereva wa malori ya mizigo, njia ya Tunduma kwenda Zambia hadi Harare. Safari moja alimletea zawadi, ndege wa jiwe mwenye urefu wa dhiraa moja hivi. "Mama, huyu halishwi na wala hatoroki," alimwambia, wakacheka. Miaka miwili baadaye kijana yule alifariki kwa ajali ya barabarani.

Ndege aliendelea kukaa juu ya kabati la vyombo mpaka alipokuja mtumishi mmoja mgeni, aliyealikwa mtaani kwa maombi ya nyumba kwa nyumba. Alipomwona tu, alinyoosha kidole akasema hiyo ni madhabahu, kwamba imeshakula mtoto mmoja na inamsubiri mwingine. Akaagiza avunjwe kwa nyundo, vipande vitupwe mtoni, kisha itolewe sadaka maalumu ya kuitakasa nyumba.

Mama hakumvunja. Alimfunga kwenye kanga akamsukuma chini ya kitanda, na tangu siku hiyo usingizi umempaa. Aliniuliza, "Mchungaji, nikimvunja nimevunja kitu cha mwisho alichonipa mwanangu. Nisipomvunja, nawaogopea wadogo zake. Nifanyeje?"

Najibu hapa gazetini, kwa ruhusa yake, kwa sababu najua si yeye peke yake. Vinyago vya Wamakonde, mawe ya Kisii, vikapu, ngoma, hata vigoda vya babu zetu vimechomwa moto katika mikutano ya maombi kwa hoja hiyohiyo. Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji asihangaike: simwoni Mungu wetu akitutaka tuvunje kitu kwa sababu tu kimechongwa na Mwafrika na hatukielewi. Lakini swali la mama lina uzito, na jibu la mkato halimtoshi. Twende hatua kwa hatua.

Ndege huyu ametoka wapi?

Jina lenyewe la Zimbabwe linatokana na maneno ya Kishona yenye maana ya nyumba za mawe. Karibu na mji wa Masvingo yapo magofu makubwa ya Great Zimbabwe, yaliyojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15 kwa mawe yaliyopangwa bila saruji. Dhahabu ya nyanda zile ilipita Sofala ikafika Kilwa kwetu, na sarafu ya Kilwa imepatikana katika magofu hayo. Kwa hiyo tunazungumza juu ya watu tuliofanya nao biashara kwa karne nyingi.

Ndani ya magofu hayo walikutwa ndege wanane wa jiwe la sabuni, lile jiwe laini ambalo Wakenya wanalifahamu Kisii. Kila mmoja ana urefu wa karibu sentimita 40, ametua juu ya nguzo ya jiwe. Hata wale wa kale hawakuwa picha halisi ya ndege: baadhi wana midomo ya binadamu mahali pa mdomo wa ndege, na vidole vitano vya mguu mahali pa kucha. Wengi husema ni chapungu, yule tai mwenye mkia mfupi sana anayeelea angani karibu mchana kutwa. Sisi Waswahili tunamwita pungu. Sikiliza jinsi majina yanavyofanana. Wengine husema ni hungwe, tai mla samaki. Leo ndege huyo yuko kwenye bendera ya Zimbabwe, kwenye nembo ya taifa na kwenye sarafu zake.

Wakristo hatuna budi kuisikia sehemu inayofuata, ingawa haitupendezi. Mwaka 1871 mvumbuzi Mjerumani Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, akakata kipande cha ubao wa mlangoni, akakinusa na kukilinganisha na penseli yake. Kwa kuwa vilifanana, akahitimisha kuwa ni mwerezi wa Lebanoni, na kwamba jengo lile lilikuwa la Malkia wa Sheba. Biblia ikageuzwa kuwa chombo cha kumnyang'anya Mwafrika kazi ya mikono yake. Watafiti wa mambo ya kale, David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba na kuonyesha wazi kwamba wajenzi walikuwa Waafrika wa nchi ile. Hata hivyo hadithi ya Sheba iliendelea kupendwa na walowezi kwa muda mrefu.

Na ndege wenyewe? Mwaka 1889 Willi Posselt alimchukua mmoja, akaishia mikononi mwa Cecil Rhodes na kuwekwa nyumbani kwake Cape Town. Wengine walifuata mkondo huo. Kipande cha ndege mmoja kilipita mikononi mwa mmisionari wa Kijerumani, kikauzwa kwa jumba la makumbusho la Berlin. Baada ya uhuru, mwaka 1981, Afrika Kusini ilirudisha ndege wanne, nayo ikapewa mkusanyo mashuhuri wa wadudu wakavu wa jamii ya nyuki, nyigu na sisimizi. Kipande cha Berlin kilirejea Zimbabwe mwaka 2003.

Nayasema haya kwa sababu moja. Wakati Mwafrika anafundishwa kwamba ndege wake ni pepo wa kutupwa, kulikuwa na watu wengine, wengine wao wenye Biblia kwapani, waliojua thamani yake wakambeba. Tunapoinua nyundo leo, tujiulize kama hatuendelezi somo tulilofundishwa vibaya.

Bwana shamba na mkulima wa tumbaku

Ndege wa sebuleni kwa mama si wa kale. Uchongaji wa kisasa wa Zimbabwe ulianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Joram Mariga, bwana shamba wa huko Nyanga, alianza kuchonga jiwe laini la kijani, akawafundisha na wenzake. Mjini Salisbury, sasa Harare, Jumba la Taifa la Sanaa lilifunguliwa mwaka 1957, na mkurugenzi wake wa kwanza, Frank McEwen, akawapa wachongaji mahali pa kazi na kuzipeleka kazi zao Ulaya na Marekani. Mwaka 1966, vikwazo vya kiuchumi vilipoibana Rhodesia na tumbaku ikakosa soko, mkulima Tom Blomefield aliwaruhusu watu wa shambani kwake Tengenenge kuchimba mawe magumu yaliyokuwa kwenye ardhi ile na kuyachonga. Wengi wao hawakuwa Washona hata kidogo. Walitoka Malawi, Msumbiji, Angola na Zambia. Jina "la Kishona" lilibandikwa tu likakaa.

Kazi yenyewe ni ya jasho. Jiwe huchimbwa, likakokotwa, likapigwa kwa nyundo na tindo siku nyingi. Kisha tupa, kisha msasa na maji, msasa mkali kwanza na laini baadaye. Mwisho jiwe hupashwa moto likapakwa nta, na hapo ndipo rangi yake iliyojificha inapotokea. Ule weusi unaong'aa, ambao mtumishi mgeni aliuona kuwa giza la kuzimu, ni nta iliyoyeyuka juu ya jiwe la moto.

Amri ya pili inakataza nini?

Wanaotaka ndege avunjwe husoma Kutoka 20:4. Ni kweli, hapo Mungu anakataza watu wake kujichongea sanamu ya kitu chochote, kiwe cha mbinguni, cha duniani au cha majini. Tatizo ni pale msomaji anapofunga Biblia kabla ya kufika mstari wa 5, unaoeleza kosa lenyewe: kuvisujudia na kuvitumikia.

Kama kuchonga kwenyewe kungekuwa dhambi, Mungu angekuwa amejipinga ndani ya kitabu hichohicho. Sura tano mbele, Kutoka 25, anaagiza makerubi wawili wa dhahabu watengenezwe juu ya sanduku la agano, wakiwa wametandaza mabawa. Katika Kutoka 31 anamtaja kwa jina fundi Bezaleli, mwana wa Uri, na kusema amemjaza roho yake kwa ajili ya ufundi, pamoja na kazi ya kukata mawe. Hekalu la Sulemani, tunaposoma 1 Wafalme 6 na 7, lilijaa makerubi, mitende na maua ya kuchongwa, na bahari ya shaba ilikaa juu ya sanamu za ng'ombe 12. Hakuna nabii aliyepita akivunja ng'ombe wale.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo sanamu iliyoagizwa na Mungu mwenyewe ilivunjwa. Nyoka wa shaba wa Musa, katika Hesabu 21, aliwekwa juu ya mti ili walioumwa na nyoka wamtazame wapone. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja, kama inavyosimuliwa katika 2 Wafalme 18:4. Shaba ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni magoti ya watu. Basi kipimo ndicho hicho: mama, umewahi kumpigia magoti ndege yule? Umewahi kumwomba mvua, mume, afya au ada ya shule? Nilipomuuliza hivyo alicheka kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yetu. "Mchungaji, mimi humfuta vumbi tu."

Wasiwasi ulio wa haki

Sasa tuwatendee haki wanaotahadharisha. Ni kweli kwamba sanamu nyingi za Zimbabwe zimebeba hadithi za mizimu, za watu wanaogeuka wanyama, za ndege wanaoleta ujumbe kutoka kwa wahenga. McEwen mwenyewe alipenda kazi za namna hiyo, na wanunuzi wa Ulaya walizipenda zaidi. Mkristo anayeuliza, "Kitu hiki kinasimulia nini nyumbani mwangu?" hajakosea kuuliza. Kumbukumbu la Torati 7:26 linaonya kuhusu kuingiza machukizo nyumbani, na Waefeso waliookoka, katika Matendo 19:19, walichoma vitabu vyao vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha.

Lakini tusome kwa makini. Waefeso walichoma vyombo walivyovitumia wao wenyewe kwa uganga. Walijua vilikuwa vya nini. Hawakwenda kwa jirani kumchomea mkeka wake. Kama ndani ya nyumba yako una hirizi uliyofungiwa na mganga, au pembe uliyoambiwa uifukizie usiku, hiyo unaijua, na unajua cha kufanya leo kabla jua halijazama. Ndege aliyenunuliwa kando ya barabara kutoka kwa kijana anayetafuta unga wa sadza kwa watoto wake yuko kwenye fungu jingine.

Mtume Paulo alikutana na swali linalokaribiana sana na hili huko Korintho. Nyama iliyouzwa sokoni mara nyingi ilikuwa imepita kwenye hekalu la miungu. Mkristo ale au asile? Katika 1 Wakorintho 8 anasema sanamu si kitu, kwa maana Mungu ni mmoja. Katika sura ya 10 anawaruhusu kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Kisha anaongeza jambo tunalolisahau: kama ulaji wako unamkwaza ndugu mwenye dhamiri dhaifu, acha kwa ajili yake. Kwa hiyo ikiwa mumeo au mkweo anakosa amani kila anapompita ndege yule, upendo unaweza kumhamishia chumba kingine, au kumpa rafiki. Huko ni kuachia kwa upendo. Kuvunja kwa hofu ni jambo la aina nyingine, kwa sababu anayevunja kwa hofu amekiri kwamba jiwe lina nguvu. Kwa namna ya ajabu, mwenye nyundo ameiamini sanamu kuliko yule aliyekuwa akiifuta vumbi.

Kanisa lililotoa patasi

Wakati mwingine husemwa kwamba Ukristo na uchongaji wa Kiafrika haviwezi kukaa nyumba moja. Historia ya Zimbabwe yenyewe inakataa. Karibu na Bulawayo, mnamo mwaka 1940 hivi, Kanoni Edward Paterson wa Kanisa la Anglikana alianzisha shule ya Cyrene, kwa kumbukumbu ya Simoni Mkirene, Mwafrika aliyeubeba msalaba wa Bwana. Pale kila mwanafunzi alifundishwa sanaa. Kanisa la shule lilipambwa na wanafunzi kwa michoro ya habari za Biblia katika mandhari ya kwao. Mmoja wa wasanii waliojulikana zaidi kutoka pale, Sam Songo, alikuwa na ulemavu mkubwa wa viungo. Mahali pengine angeachwa nyuma ya nyumba. Pale alipewa kifaa mkononi.

Padri John Groeber, Mswisi aliyesomea usanifu wa majengo, alianzisha misheni ya Serima mwaka 1948. Aliwafundisha vijana kuchora na kuchonga, na kanisa lao likajaa nguzo, milango na watakatifu wa mbao wenye sura za watu wa pale. Katika shule hiyo alipita Nicholas Mukomberanwa, ambaye baadaye alikuwa polisi, kisha akawa mmoja wa wachongaji mawe wakubwa kabisa wa Zimbabwe.

Nikiwafikiria Paterson na Groeber, nayatazama makanisa yetu. Tunaagiza mapambo ya plastiki kutoka ng'ambo, maua yasiyonyauka na picha za Yesu zilizochapwa kiwandani, wakati kijana wa kipaimara aliyejaliwa mkono wa Bezaleli anazunguka mtaani bila kazi. Tunamwombea apate ajira. Hatumwombi achonge mimbari.

Ndege asiye na macho

Kuna jambo jingine ninalotaka tulitazame, nalo linahusu kwa nini ndege huyu hana macho wala manyoya. Wachongaji wengi wa Zimbabwe hulikalia jiwe muda mrefu kabla ya kuligusa. Huligeuza, huona linaelekea wapi, kisha huondoa kidogo kidogo. Wa dhahania huacha mapema kuliko wenzake. Haongezi jicho, ingawa anaweza. Anajua kwamba ndege halisi hawezi kumalizwa na mkono wake, na anaridhika kuonyesha sehemu tu.

Mtengeneza mungu wa sanamu hufanya kinyume. Katika Isaya 44 tunamwona fundi aliyekata mti, nusu akaotea moto na kuokea nyama, nusu akachonga mungu kamili mwenye umbo la mtu, kisha akamwomba amwokoe. Yule alitaka mungu aliyekamilika, anayeonekana wote, anayeweza kuwekwa mahali na kuamrishwa. Na tusidhani tumeshapona ugonjwa huo. Mungu anayeweza kuelezwa wote katika dakika tano za maombi ya sebuleni, ambaye anaua watoto kwa sababu ya pambo la kabatini na kutulizwa kwa bahasha, huyo ni mungu wa kuchongwa. Amechongwa kwa maneno. Wakolosai 3:5 inaiita hata tamaa ya mali kuwa ibada ya sanamu, na sijawahi kusikia mtu akiagizwa aivunje kwa nyundo.

Mnara na shomoro

Limebaki swali kubwa la mama, lile ambalo ndege amelibeba tu: kwa nini mwanangu alikufa?

Katika Luka 13 watu walimletea Yesu habari za vifo vya kutisha. Yeye mwenyewe akataja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 ukawaua. Mawe yaliua. Kama kungekuwa na siku ya kutafuta laana ndani ya mawe, ilikuwa siku ile. Yesu alikataa kusema kwamba wale 18 walikuwa na kosa kuliko wengine wa Yerusalemu, akawageukia wasikilizaji akiwataka wao watubu. Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, na hapo pia alikataa kuwapa jina la mtu.

Barabara zetu zinaua kwa mwendokasi, kwa usingizi wa madereva wanaoendeshwa kama mashine, kwa breki zilizochoka na kona zisizo na alama. Tukimpa ndege wa jiwe kesi hiyo, tunawaachia huru wote hao. Hakuna atakayeulizwa dereva yule alilala saa ngapi usiku ule.

Na kuhusu ndege, Bwana alishasema. Mathayo 10:29 inatukumbusha kwamba shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja. Luka 12:6 inasema watano waliuzwa kwa senti mbili, yaani wa tano alitolewa bure, kama nyongeza ya muuza nyanya. Hata huyo wa nyongeza Mungu hamsahau. Angalia vizuri Yesu anasema nini kwa Mathayo. Hasemi shomoro haanguki. Anasema haanguki chini pasipo Baba. Ndilo nililomwambia mama yule: mwanao hakuanguka mahali ambapo Baba hayupo. Sina maelezo zaidi ya hayo, na ningemwogopa mtu yeyote anayedai kuwa nayo.

Basi tufanyeje?

Mpendwa msomaji, kama una kitu cha namna hii nyumbani na umetiwa hofu, fanya haya. Kwanza, usilipe hata shilingi kwa ajili ya kutakaswa kitu. Neema haina risiti. Pili, jiulize kwa uaminifu kama unakiabudu au unakitumia kwa uganga. Kama ndivyo, kiondoe na utubu, nenda kwa mchungaji wako, hutatozwa. Tatu, kama sivyo, kijue. Uliza kimetoka wapi, kimechongwaje, nani alikupa. Katika Yoshua 4 Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe Yordani ili watoto wakiuliza maana yake wazazi wawe na la kuwasimulia. Jiwe ambalo mzazi anaweza kulisimulia halimtishi mtoto. Nne, ukikutana na mchongaji kando ya barabara, usimkandamize bei mpaka akuuzie kwa njaa. Siku nyingi za nyundo na msasa zina ujira wake, na mfanyakazi anastahili ujira huo.

Kwenu watumishi wenzangu: kabla ya kunyoosha kidole kwenye kabati la mjane, tuulize kwanza, "Hiki ulipewa na nani?" Tukilisikia jibu, huenda tukaketi tulie naye badala ya kuagiza nyundo.

Tuombe. Ee Baba, uliyemjaza Bezaleli roho yako na kumjua kila shomoro, tuondolee hofu ya vitu vilivyotengenezwa na mikono, utuvunjie sanamu zilizo mioyoni mwetu, na uwafariji wote waliobakiwa na zawadi za wapendwa wao waliotangulia. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.